Ndugu wa Nyumba ya Wattaya

Kikombe kilikuwa na kahawa nusu, na kahawa ilikuwa bado ya moto. Hilo ndilo lililomshtua Suud, maana nyumba nzima ilikuwa imelala. Jua la Maskati baada ya adhuhuri halina mchezo. Hata paka wa mtaa huu wa Wattaya hujificha chini ya magari yanayouzwa. Alikiosha kikombe, akakirudisha kwenye sinia, akajisemea kuwa ni kazi ya mmoja wa wenzake. Aliporudi kutoka sala ya alasiri alikikuta pale alipokiokota mwanzo, mbele ya takia la pembeni, kimejaa.

Nyumba hiyo ni ya Udugu, jumuiya ya wanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi. Waliianzisha vijana wa Kiomani wenye asili ya Unguja. Leo vijana hao wana mvi, wana vyeo na viwanda kule Rusayl, na kila Ijumaa hurudi kula wali na kukumbushana ujana. Wakubwa hawa wakikushika mkono, umeshikwa. Kazi utapata, mke utapata, na hata ukifa utazikwa na watu.

Suud hakuwa na asili ya Unguja. Babu yake alikuwa na duka Tabora, na Kiswahili cha kwao ni cha bara, jambo ambalo wenzake walilicheka mpaka wakachoka. Baba alikwishafariki, na mama yake, Bi Bakhita, hakujaaliwa mtoto mwingine. Ndiyo maana siku Talal, rafiki yake wa darasani, alipomwambia, "Nimekusemea kwa wakubwa, yakhe, wamekubali," Suud alijifungia msalani akalia kwa furaha. Aliapa mbele yao, na wao wakaapa mbele yake: ndugu hamwachi ndugu.

Desturi ya nyumba ni kwamba aliyeingia mwisho ndiye anayemimina kahawa. Na kahawa ya Kiomani inajulikana inavyokwenda: unamimina, mtu anakunywa, unamimina tena, mpaka mwenyewe akitikise kikombe kuonyesha ametosheka. Asipotikisa, hukomi. Siku ya kiapo Suud aliwamiminia wote, na wote wakatikisa. Kisha Ami Jaifar, mkubwa wa wakubwa, akamwonyesha takia la pembeni lisilokaliwa na mtu. "Na pale pia, mwanangu. Heshima ya waliotangulia." Suud akamimina, akakiweka kikombe chini, na hakikutikiswa. Akaona ni adabu nzuri. Masikini, mwenye njaa ya watu haulizi anakaribishwa wapi.

Baada ya kile kikombe cha moto ikaja harufu, udi uliochanganyika na nywele zilizoungua. Kisha sauti: vikombe vinagongana chini wakati wa kulala mchana, taratibu, kama mtu anayeomba kuhudumiwa kwa adabu zake zote. Siku moja Suud alishuka pekupeku kwenda kutazama, na kila ngazi ilikuwa ya baridi ingawa nje lami ilikuwa inayeyuka, na alipofika mlangoni pa majlisi, sebule yao ya kahawa, aliliona takia limebonyea katikati kama limekaliwa na mtu mzito, na kikombe kimeinuka kutoka kwenye zulia bila mkono wowote, kimenyooshwa kuelekea kwake, kinangoja, na kabla hajapata kukimbia mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaushika mdila, birika la kahawa, na kumimina, na kikombe kikainama, kikarudi kitupu, kikanyooshwa tena, na mkono ukamimina tena, huku yeye anasoma Ayatul Kursi na ulimi unakosea mahali anapopajua tangu utotoni, mpaka wenzake walipoamka wakamkuta anamwaga kahawa juu ya zulia.

Hawakushangaa. Hilo lilimuuma kuliko hofu yenyewe. Mmoja alileta kitambaa, akafuta, akarudi kulala.

Suud alimfuata Talal garini.

"Niambie kweli," alinong'ona. "Ni nini kile?"

Talal alizima redio, akatazama nyuma. "Sema polepole. Yumo tangu nyumba ilipopatikana. Wakubwa walitaka kumtoa, kisha wakaona kila anayekaa naye chini ya paa moja anapanda cheo. Wakamwekea takia. Lakini anayemmiminia ndiye anayembeba, mpaka apatikane mwengine wa kumimina. Mwaka jana nilikuwa mie, Suud. Wallahi nilikuwa nakufa."

"Ndiyo ukanileta mimi."

"Ami Jaifar alisema safari hii asitiwe mtoto mwenye watu wake. Alisema kwenu hamna wa kuja kuuliza."

Suud alimtazama mtu aliyekula naye sahani moja. Alitaka kumpiga, akafungua mlango wa gari akashuka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, hawakusema kinavyouma.

Kumbe wa kuja kuuliza alikuwepo. Ijumaa iliyofuata Bi Bakhita, aliyeelezwa yote na mwanawe, aliingia kwenye majlisi ya wanaume bila hodi, wakubwa wakiwa kwenye sinia za wali. Alikuwa pamoja na Maalim Murshid, mstaafu wa wizara anayejulikana kwa kuwasomea watu. Maalim alimkalisha Suud kwenye zulia, akamwekea mkono kichwani, akasoma. Shingo ya kijana ikalegea. Ikatoka sauti ya mzee, ya upole.

"Nani kakuleta?" Maalim aliuliza.

"Nilikaribishwa. Wote hawa wananijua."

"Unataka nini utoke?"

"Nimechoka na kahawa yao. Kijana huyu aliapiwa kuwa ana ndugu. Mmoja wao amshike mkono, aseme: huyu ndugu yangu, mwache. Nitamwacha, na nyumba nitaihama leo hii."

Bi Bakhita aliurukia mkono wa Suud. "Huyu mwanangu, mwache!"

"Wewe ni mama. Nimesema ndugu."

Kila mmoja alielewa kuwa mgeni wa kwenye takia akihama, bahati ya nyumba itahama naye. Ami Jaifar alinawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja.

"Haya mambo hayatuhusu, Maalim," alisema. "Mpelekeni hospitali."

Akainuka, na wengine wakainuka nyuma yake. Kikasikika kishindo cha makubadhi yakivaliwa mlangoni. Akabaki Talal.

"Talal, baba," Bi Bakhita alisema. "Umekula kwangu. Sema neno moja tu."

Talal alifungua mdomo. Mwezi ujao alikuwa aanze kazi kwa Ami Jaifar, na honi ya Ami Jaifar ilikuwa ikilia barabarani.

"Nisamehe, mama," alisema, akatoka.

Maalim Murshid alifunga msahafu wake.

"Jini nnaweza kushindana naye, bibi," alisema. "Hawa siwawezi."

Suud alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, machozi yakimtiririka. Ile sauti ikatoka tena kinywani mwake, laini kuliko mwanzo.

"Umewaona, Suud? Usilie. Ndugu yako nipo."

Bi Bakhita aliuziba mdomo wa mwanawe kwa kiganja. Chini ya kiganja hicho, kwa sauti yake mwenyewe, Suud akaitika:

"Naam, kaka."