Mbiu Iliyoruka Nyumba Moja

Jamaa zangu, kaeni mkao wa kusikia, kwani haya si ya mbali. Yalitokea hapa hapa Jomvu Kuu, mwaka ule wa mvua za Elnino, na yalimpata mtu tuliyempenda sote: Mzee Ghalib, mpiga mbiu wa baraza la mtaa.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imepumzika. Ghalib alikuwa amekaa barazani kwake, mbele ya nyumba, akinywa kahawa chungu kwa kashata. Kutoka uani alimsikia mkewe, Tima, akiteka maji ya kisimani, na sauti ile ya ndoo ilimpa raha. Kisima kile kilichimbwa na babu yake, na kwa sababu yake Tima hakuwa na haja ya kwenda kupanga foleni bombani na wanawake wenzake. Chumbani alikuwamo binti yao, Johari, aliyekuwa katika eda ya marehemu mumewe. Mwenye eda, mnajua, hatoki nje wala haonekani na wanaume wa kando. Nyumba ilikuwa imetulia kama inavyopasa nyumba ya namna hiyo.

Utulivu huo haukudumu. Alikuja Wafula, kijana wa bara aliyekuwa mfanyakazi wa afya, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako una jambo."

"Lipo. Kipindupindu kimeingia mitaa ya jirani. Vyoo vimefurika, visima vimechafuka. Maji yasinywewe bila kuchemshwa. Jumatano tutapita njia za nyuma kutia dawa visima vyote vya uani. Tafadhali, mzee, akina mama waambiwe mapema watufungulie. Tusionekane wezi."

"Hilo niachie mimi," akasema Ghalib, akainuka kutwaa kipaza sauti chake.

Na kwa kweli kazi aliijua. Alipita mtaa mzima, kanzu ameipandisha magotini, akitangaza kwa Kiswahili kilichonyooka hata watoto wakakikariri. Alieleza vyoo, akaeleza maji ya kuchemsha na Jumatano ya dawa, akaeleza namna ya kuchanganya chumvi na sukari kwa mgonjwa. Alipofika kwenye mkunjo wa njia ya kwake alikizima kipaza sauti kwa heshima ya eda, akawapa majirani habari kwa mdomo, mlango kwa mlango. Alipofika mlangoni pake akaupita.

Mtauliza, kwa nini? Ghalib hakuwa mtu mbaya, wala hakumchukia mkewe. Alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake, kwamba mambo ya baraza hayaingii jikoni. Akirudi nyumbani aliuliza chakula, aliuliza hali ya Johari, akajinyoosha. Tena alijiambia, sauti yangu inafika Miritini, itashindwa kuingia ndani mwangu? Hivyo ndivyo kinyozi anavyobaki na nywele zake.

Jumatano ikaja. Alasiri Ghalib alikuwa kwenye kahawa pale njia panda, pamoja na wenzake, Wafula alipotokea na mtungi wa dawa mgongoni.

"Mzee, mbiu yako imefanya kazi. Kila tulipobisha tumefunguliwa. Isipokuwa nyumba moja tu, walikataa katakata."

Ghalib aliweka kikombe chini. "Walikataa?"

"Tulipiga hodi mpaka tukachoka. Sisi hatuvunji mlango wa mtu. Ni kule nyuma ya..."

Lakini Ghalib akishika maneno hashikiki. "Mjinga gani huyo? Dawa imemfuata mpaka mlangoni, yeye anaifungia komeo! Wallahi, nikimjua mwenye nyumba hiyo nitampeleka kwa chifu kwa mkono wangu. Na akiugua mtu wake asimlilie mtu!"

Watu wakacheka, wakamuunga mkono. Wafula akaweka sawa mtungi wake mgongoni, akaenda zake. Ghalib alirudi nyumbani kifua mbele, akala, akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Siku chache baadaye, alipotoka kuswali alfajiri, alimkuta Tima mlangoni, kanga imelowa.

"Baba Johari, mwanao yuwatapika. Tumbo lamwenda kama maji. Hata kusimama hawezi."

Ghalib aliingia mbio. Johari alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Kando yake palikuwa na kata ya maji nusu.

"Maji haya ni ya wapi?" akauliza.

"Ya wapi tena? Ya kisimani."

"Hamkuyachemsha?"

"Tuyachemshe kwani yana nini?"

"Na Jumatano... waliopita kutia dawa?"

Tima akamtazama. "Dawa? Walikuja wanaume mlango wa uani, wakabisha. Nikawaambia hapa pana mtu wa eda, na mwenye nyumba hayupo, enendani. Ulitaka niwafungulie wanaume nisiowajua, Johari akiwa ndani? Wewe hukunambia kitu."

Ghalib aliyamwaga maji ya ile kata. Aliyakumbuka maneno yake ya kahawani, neno kwa neno, na aibu ikamshika. Angemwambia mkewe maneno mawili tu, Johari angejitenga chumba cha ndani, mlango ungefunguliwa, na mambo yangekwisha.

Kilio cha Tima kilimleta jirani yao Rosalia, mwanamke wa bara, mpole. Hakuuliza mengi. Alirudi kwake mbio, akaja na maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari, akaanza kumnywesha Johari kijiko kwa kijiko.

"Umejuaje haya, mama?" Tima akamuuliza.

Rosalia alishangaa. "Si mzee mwenyewe alikuja kutufundisha mlangoni?"

Tima akageuka kumtazama mumewe. Kisha akamwinua Johari kichwa apate kunywa.

Walimbeba Johari kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, wakapata gari la kuwafikisha hospitali. Hakuna aliyesimama kuuliza habari ya eda, maana dharura ina hukumu yake. Akatundikiwa maji. Daktari aliwaambia kwamba ile dawa ya kijiko ndiyo iliyomvusha. Bila hiyo wasingemfikisha hai. Ghalib alikaa nje kwenye benchi akalia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake.

Johari alipona, alhamdulillahi. Wafula aliitwa, mlango wa uani ukafunguliwa, kisima kikatiwa dawa. Habari za kahawani nazo zilikuwa zimemfikia Tima. Akamngojea mumewe amalize kula, akamuuliza kwa upole wa kuchoma:

"Ile safari ya kumpeleka mwenye nyumba kwa chifu ni lini, nikupigie kanzu pasi?"

Ghalib aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Tima."

"Nimekusamehe. Lakini mimi pia ni mtu wa mtaa huu."

Mwezi uliofuata likaja tangazo la chanjo ya watoto. Ghalib alitwaa kipaza sauti, akazunguka mpaka mlango wake wa uani, akapiga hodi kama mgeni.

"Tima!"

"Abee!"

"Nina habari ya baraza."

"Karibu jikoni," akajibu Tima, akamsogezea kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akalie.

FUNZO

Ndugu zangu, habari njema iliyoishia barazani ni nusu ya habari. Wapo wengi kwetu wasiofika mkutanoni: mwenye eda, mzazi aliyejifungua, mgonjwa, mama aliyeshikwa na jiko. Tusiwalaumu kwa kutofungua mlango ikiwa hatukuwaambia nani anakuja. Mwanamume anayedhani mambo ya mji hayamhusu mkewe hulinda nyumba ya kila mtu, ya kwake akaiacha wazi. Ukirudi leo, kabla hujauliza kimepikwa nini, waambie walio ndani ulichokisikia nje.