Sauti Arobaini na Moja

Fundi alihesabu tena. Mama wa marehemu alimwambia kwamba bintiye aliacha sauti arobaini na moja alizorekodi kwenye simu, ile iliyotumbukia naye mtoni. Kadi ya kumbukumbu ya simu hiyo ilikuwa imeota kutu. Fundi aliisafisha siku tatu, akazifukua sauti moja moja. Sasa kompyuta ilionyesha arobaini na mbili. Ya mwisho ilirekodiwa asubuhi ya siku hiyo, kadi ikiwa hapo dukani.

Akaibofya.

"Mama, huku ni baridi. Njoo unichukue."

Duka zima likanuka tope, na ilikuwa adhuhuri, jua linawaka. Angeifuta kimyakimya, lakini mama alikuwa ameketi pale kwenye benchi.

"Ameniita," alinong'ona. Akaondoka na kadi yake.

Baada ya wiki alirudi amekonda, macho yamemwingia ndani, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba sauti zimepita mia, kwamba hazingoji tena kubofywa bali zinaita zenyewe, mara jikoni, mara chini ya kitanda, mara ndani ya pipa la maji, na kwamba jana alimkuta kitindamimba wake wa miaka mitano amevaa viatu, amesimama mlangoni, akisema, "Nakuja, dada."

Fundi akamwita shangazi yake, tabibu anayetoa watu majini. Shangazi aligusa kadi, akauondoa mkono haraka kama aliyeungua.

"Hili ni jini, limevaa sauti ya mwanao. Litatoka zikifutwa zote."

"Hata zile za kweli?"

"Limekaa ndani ya zote, mdogo wangu."

Mama aliichukua kadi, akaichomeka kwenye kompyuta.

"Najua si yeye," alisema. "Mwanangu hakuwa akiniita Mama. Aliniita Bibiye, kwa utani. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ila lilikuwa linaniita kwa sauti yake."

Akabofya kufuta kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi alisoma dua, na ndani ya kompyuta kitu kikalia kwa sauti ya msichana, kikaomba, kikasema kinaogopa giza, kikamwahidi mama kwamba hakitamsumbua tena kitindamimba wake, na mama akaendelea kufuta, machozi yakimdondokea vidoleni, mpaka ya mwisho.

Kimya. Harufu ya tope ikaisha.

"Fundi," mama akasema, "wewe ulizisikiliza zote. Kuna moja alikuwa anacheka. Nikumbushe alivyocheka."

Fundi akafumba macho, akatafuta. Alichokipata ni kile kilio tu.

"Alicheka vizuri, mama," akasema.