Kidole Juu ya Kamera

Bibi alikuwa akipiga pasi mashati ya wateja. Jumapili alasiri, simu ya mjukuu wake, binti wa shule, ikaita. Ni mama wa mtoto, anayefanya usafi hospitalini nchi ya mbali. Huu mwaka wa tatu hajarudi.

"Kasuku wangu, mbona naona giza tu?"

"Kamera imeharibika, mama," binti alijibu. Kumbe ameiziba kwa kidole.

"Wiki ya nne leo! Nina hamu nawe mpaka nakuota. Basi nionyeshe hata pua."

Binti hakucheka. Alipokata simu, bibi aliweka pasi pembeni. "Mbele ya Mungu na mbele yangu, sema. Kuna nini?"

Machozi yakamtoka binti. Mwanafunzi mwenzake alimpiga picha amesinzia darasani, mdomo wazi. Akaigeuza stika, akaandika "Chura", akaituma kwenye kundi la darasa. Sasa binti akiandika neno lolote, wanamjibu kwa stika ile.

"Sitaki mtu auone uso wangu," alisema. "Hata mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya simu. Mama ningeongea naye vipi?"

Na kweli, kesho yake bibi alikwenda shuleni na simu mkononi. Binti alimfuata nyuma, anaburuta miguu.

"Mwalimu, kaa na dude hili. Ndilo linalomliza mtoto."

Mwalimu wa darasa alimrudishia binti simu yake. "Hapana, bibi. Tukimnyang'anya, tumemwadhibu aliyeonewa. Siku nyingine hatasema." Akamgeukia binti. "Nisamehe. Nami nimo kwenye kundi lile. Niliiona stika, nikadhani mnataniana."

"Utani gani huo, wengine wanacheka na mmoja analia?" bibi akauliza.

"Kweli, bibi. Nilikosea," mwalimu akakiri.

Alimsikiliza binti mpaka mwisho, bila kumkatiza. Akamwambia asijibu matusi, wala asifute kitu kwanza. Wakapiga picha za skrini, ziwe ushahidi. Kisha, kwenye simu ya binti, wakamfungia mtengeneza stika asimtumie tena ujumbe. Siku hiyohiyo mwalimu alimwita mwanafunzi huyo na mzazi wake, faraghani. Darasani hakutaja jina la mtu. Aliwaambia kwamba anayesambaza naye anaumiza, na anayeona akanyamaza amemwacha mwenzake peke yake.

Stika ilifutwa kundini. "Huenda mmoja wawili wamebaki nayo," mwalimu alimwambia binti, hakumficha. "Ukiiona tena, njoo kwangu."

Kila Ijumaa alimuuliza, "Unaendeleaje?" Mara mbili za kwanza binti alijibu "salama" tu. Mara ya tatu aliongea mpaka kengele ikalia.

Jumapili iliyofuata, mama alipopiga, binti aliishika simu mbali kidogo, uso wote ukaonekana. Mama hakusema kitu.

"Mama, mtandao umekwama?"

"Haujakwama, mwanangu. Tulia hivyohivyo nikuangalie. Umekuwa mkubwa, na mimi sipo."

Bibi alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Akachomoa pasi, akasogea, naye aonekane.