Aliyefika Kabla ya Ndege

Chai yake ilikuwa bado inafuka moshi. Aliimimina huku anaongea na mumewe kwenye simu, naye mume alikuwa anacheka: "Ndiyo tunapanda ndege sasa. Masaa tisa tu angani, mke wangu. Nimemnunulia mtoto soksi, ndogo mpaka watu wananicheka." Kisha akazima simu.

Mlango ukagongwa. "Hodi!"

"Karibu," akaitikia, mikono imo kwenye beseni la nepi. Alidhani ni jirani, yule mama mwema aliyekuwa akimwanulia nguo kila wingu lilipotanda.

Akaingia mumewe.

Nje mvua ilikuwa inanyesha, lakini shati lake lilikuwa kavu. Hakuwa na begi. Alinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Mama mkwe akatoka jikoni mbio, akamkumbatia huku analia. "Mwanangu! Umekonda!"

"Mama," mke akanong'ona, "ameniaga sasa hivi. Ni masaa tisa."

"Alikuwa anakutania. Leo ndiyo unamjua mumeo?" Bibi wa watu alifurahi mpaka akamsogezea kiti chake mwenyewe, kile chenye mto.

Mgeni hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akambeba mtoto. Mtoto huyo, anayelia hata akibebwa na shangazi yake, alinyamaza kama aliyezibwa mdomo.

"Nipe mwanangu."

"Si umeniambia karibu?" akajibu taratibu, kwa sauti ile ile ya mumewe. "Masaa tisa ni ya wanaopanda ndege."

Mke akampigia mumewe simu, haipatikani, akapiga tena, haipatikani, na kila alipomsogelea yule mtu amnyang'anye mtoto alimkuta keshafika upande wa pili wa chumba bila hatua kusikika, na harufu ya kuungua ikazidi, na mama mkwe akawa anambembeleza aache wivu, baba na mwanawe wana hamu, na mchana wote ukaisha hivyo, chai imepoa mezani, maziwa yanamchuruzika kifuani kwa ajili ya mtoto asiyelia.

Jioni, mlango ukagongwa.

"Hodi! Jamani, nimelowa huku!"

Mama mkwe akautazama mlango, akamtazama aliyebeba mtoto. Akasukuma komeo.

"Usiitikie," akanong'ona. "Huyo wa nje ni jini."

Mke akafungua mdomo. Mgeni akaweka kidole kimoja kwenye shingo ya mtoto, polepole, kama anayembembeleza. Mke akafumba mdomo.

"Mke wangu? Umelala?" Sauti ya nje ilikuwa imechoka, lakini bado ina kicheko. "Basi angalau zione hizi."

Chini ya mlango zikapenya soksi mbili, ndogo kweli kweli, zimeloa ncha.

Mgeni akainama, akaziokota, akamvika mtoto moja moja.

"Zimemtosha," akasema.