Sufu Ndani ya Kompyuta

Nyumbani kwa Bergtóra hakuna kitu kilichokaa bila sufu. Birika lina kofia ya sufu. Kiti kina ngozi ya kondoo. Hata kompyuta mpakato aliifumia kitambaa kinene cha kukalia, kwa sufu ya kondoo wake mwenyewe.

Lakini wiki hiyo kompyuta ilimtia tumbo joto. Kila alipoongea na binti yake Marjun, aliyeko Copenhagen, ilivuma, ikachemka, kisha ikazimika yenyewe. Jumapili mjukuu wake wa kwanza angebatizwa huko. Jina lilikuwa siri mpaka litamkwe kanisani, na ukungu ulikuwa umezuia ndege zote kisiwani kwao, kwa hiyo angeufuata ubatizo kwa kompyuta. Kompyuta ikizimika, jina hilo angelisikia kwa watu.

Jumamosi alimwita jirani yake Turið, fundi wa kompyuta.

"Marjun aliniletea hiki kibao chenye feni za kupoza," Bergtóra alilalamika. "Nimekiweka chini ya kompyuta, na ndo kwanza joto linazidi!"

"Na kibao umekiweka juu ya nini?"

"Juu ya kitambaa chake. Si kitateleza?"

Turið alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama wewe! Hata mashine umeivalisha sweta!"

Aliizima kompyuta, akachomoa waya, akafungua mfuniko wa chini. Taratibu akatoa kitu kwa kibano. Kilikuwa kipande cha sufu, kimeshikamana vizuri kama kitambaa cha dukani.

Bergtóra alikisogeza dirishani. Kilikuwa cha kahawia, chenye nyuzi nyeupe.

"Huyu ni Morra, kondoo wangu! Kaingiaje humo?"

"Kavutwa. Mashine inapumua, mama. Feni inavuta hewa baridi kwa matundu ya chini, inatoa joto pembeni. Wewe umeilaza juu ya sufu, na kibao kikazidi kuisukuma ndani."

"Basi kibao nikitupe?"

"Usikitupe. Pua ikiziba, kupepewa kunasaidia nini? Kwanza safisha njia ya hewa. Iweke juu ya meza ngumu, inyanyue nyuma kidogo, funga programu usizotumia. Ikichemka bado, hapo ndipo ujaribu kibao, maana kompyuta yako inavuta hewa kwa chini. Isiyo na matundu chini hainufaiki sana."

Turið aliishika feni isizunguke, akapuliza vumbi kwa kopo la hewa. Kompyuta ilipowashwa, haikuvuma. Bergtóra aliweka kiganja pembeni, akahisi pumzi ya uvuguvugu. Miaka yote aliiona kama bati tu. Sasa alishindwa kuuondoa mkono.

Jumapili aliiweka juu ya meza tupu, bila kibao. Tangu wimbo wa kwanza haikuzimika; huko kanisani Marjun alikuwa ameunganisha simu yake na spika. Kasisi akachota maji, akatamka jina la mtoto.

"Bergtóra."

"Abee!" akaitika bibi yake kutoka jikoni kwake, machozi yakimtoka.

Kanisa zima likacheka. Walimsikia vizuri kabisa.