Mpaka Unaofuata Upepo

Katika bonde la Harker, hakuna anayepuliza dawa kwenye mizabibu baada ya chakula cha mchana. Saa nane upepo wa bahari huingia kupitia pengo la milima, na dawa yako hutua kwenye nguo alizoanika jirani. Watu hufunga kofia kidevuni. Mizabibu huinama upande mmoja, na zabibu zake huiva polepole, wiki kadhaa baada ya zile za uwanda wa joto ulio nyuma ya kilima.

Orrin Tavernetti na mkewe Noreen walikuwa na shamba katikati ya bonde hilo, huko California. Kwa miaka mingi waliuza zabibu kwa kiwanda kikubwa, nacho kilizichanganya na zabibu za uwandani kwenye tangi moja. Baadaye wakaanza kutengeneza mvinyo wao wenyewe, katika banda lililokuwa la trekta. Waliouonja waliusifu. Kuununua ilikuwa habari nyingine.

"Mvinyo ni mzuri," mnunuzi wa hoteli moja ya mjini aliwaambia. "Lakini lebo imetaja wilaya tu. Wilaya yenu ni kubwa, nusu yake ni jangwa. Mteja wangu atajuaje kwamba huu umetoka penye upepo?"

Orrin akachora lebo mpya. Aliandika "Harker" kwa herufi kubwa kuliko jina lake mwenyewe. Akaipeleka serikalini ikaidhinishwe, kwa maana mvinyo hauuzwi kabla lebo yake haijakubaliwa. Ilikataliwa.

"Wanasema Harker si eneo la mvinyo lililotambuliwa," Noreen alisema.

"Babu yangu kazaliwa hapa! Wao wanatambua nini?"

"Usinifokee. Sheria sikuitunga mimi." Noreen aliweka sahani mezani. "Tutafute njia ya kupata hilo jina. Tukishindwa, tunang'oa mizabibu tunapanda lozi."

"Lozi hata kula huzipendi."

"Kuziuza nazipenda."

Orrin alitazama nje dirishani. Mizabibu ile aliipanda pamoja na baba yake.

Jumamosi walimwita Graciela Armendariz, mshauri wa kilimo wa wilaya. Alikuja na buti zenye tope, akazivua mlangoni, akaketi jikoni kwa soksi.

"Tuanze na hili," alisema. "Serikali ikilitambua eneo, haisemi kwamba mvinyo wake ni mtamu. Inasema zabibu za hapa zinakua katika mazingira tofauti na ya majirani. Labda hali ya hewa ni tofauti, au udongo, au mwinuko wa ardhi. Anayenunua chupa akisoma jina, ajue zabibu zimetoka wapi. Ni hilo tu."

"Tofauti tunayo," Orrin alisema. "Simama nje saa nane."

"Mimi nitasimama. Ofisa aliye mbali hasimami. Yeye anataka ushahidi. Na jina lenyewe halibuniwi mezani. Lazima liwe jina ambalo watu wamelitumia kwa eneo hili hili."

"Kuna shule ya Harker," Noreen alisema. "Kuna kituo cha zimamoto. Na ramani za zamani za reli."

"Vizuri. Kusanya vyote. Na mpaka je?"

Orrin alikuwa tayari ameuchora. Alikunjua ramani ya serikali yenye mistari ya mwinuko, na juu yake kulikuwa na mstari mwekundu wa penseli. Graciela aliufuata kwa kidole. Mstari ulikwenda sawasawa kando ya mto, kisha ghafla ukapinda kama mbwa anayekwepa dimbwi.

"Hapa umekwepa nini?"

"Shamba la Stipe Rukavina."

"Hana upepo?"

Noreen alicheka. "Anao. Na kondoo anao pia. Mwaka juzi walikula machipukizi yetu yote ya upande ule."

"Na huku juu?" Kidole cha Graciela kilipanda kilima, kikavuka kileleni na kushuka upande wa pili. "Hiki kipande kimeingiaje?"

"Ni changu."

"Nimeuliza kama kina upepo."

"Kina mimi."

Graciela alisukuma kikombe pembeni. "Bwana Orrin, mpaka huu hauchorwi kwa uzio wala kwa ugomvi. Unafuata kile kinacholitofautisha eneo. Kama ni upepo, basi unaishia pale upepo unapoishia. Na ombi lenu litatangazwa hadharani. Mtu yeyote anaruhusiwa kutoa maoni. Rukavina atauliza kwa nini yeye katolewa, na hutakuwa na jibu."

"Sasa tufanyeje?"

"Tupime. Tutundike vipimajoto msimu mzima. Kwenu, uwandani, kilimani. Na kwa Rukavina."

Orrin alikwenda kwa Rukavina peke yake. Mzee alifungua mlango, akamtazama kutoka kofia hadi viatu.

"Tavernetti kwangu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka kutundika kipimajoto kwenye mizabibu yako." Akaeleza sababu.

"Nikikataa?"

"Bonde linaweza kukosa jina."

"Nikikubali, nimo ndani ya mstari?"

"Vipimo vikilingana na vyetu, umo."

"Hata kama sura yangu inakukera?"

"Sura yako haimo kwenye sheria."

Rukavina alicheka mpaka akakohoa. "Ingia. Futa viatu kwanza. Mke wangu hana mzaha."

Vipimajoto vilikaa mizabibuni tangu machipukizi hadi mavuno. Graciela alichimba mashimo pia ili kuona udongo. Kisha wote wakakutana jikoni kwa Noreen, Rukavina naye akiwemo.

"Shamba la mzee Rukavina ni sawa na lenu," Graciela alisema. "Mchana ukianza kuwa mkali, upepo unaupoza. Udongo ni mchanga ule ule wa bahari ya kale. Lakini kile kipande cha nyuma ya kilima ni cha uwandani. Joto ni la uwandani, na udongo ni wa mfinyanzi, mwekundu."

"Labda kipimajoto kimeharibika," Orrin alisema.

Noreen alimgeukia. "Kule nyuma wewe huenda kupuliza dawa saa ngapi?"

Orrin alikuna kidevu.

"Orrin."

"Alasiri."

"Huku bondeni umewahi kupuliza alasiri?"

"Kwani nina wazimu?" alisema. Alikuwa amejijibu mwenyewe.

Rukavina alitazama dari kwa adabu. Orrin alichukua kifutio. Alifuta mpindo uliomkwepa jirani yake. Halafu, polepole zaidi, alifuta mstari uliovuka kilima, akauchora upya ukipita kileleni. Kipande chake kikabaki nje.

Ombi likapelekwa. Jibu halikuja upesi, kwa kuwa kazi hii huchukua miaka. Serikali ilitangaza pendekezo na kungoja maoni. Mkulima mmoja wa uwandani aliomba naye aingizwe. Vipimo vikamjibu, na hakuingizwa. Hakuna aliyekuwa na hoja ya kuupinga mpaka. Hatimaye tangazo likatoka: Harker ni eneo la mvinyo linalotambuliwa. Noreen hakutaja tena lozi.

Mwaka wa kwanza wa jina hilo, baridi kali iliunguza maua na mavuno yakapungua. Tangi la Tavernetti halikujaa.

"Mizabibu ya nyuma ya kilima imezaa sana," Orrin alisema, mkono ukiwa kwenye swichi ya pampu ya kuhamishia maji ya zabibu tangini.

"Sheria inataka angalau themanini na tano kwa mia ya zabibu zitoke ndani ya mpaka," Noreen alisema. "Ukizidisha za nje, lebo ni ya wilaya."

"Nani atajua?"

"Wakaguzi wanaweza kuja. Na wasipokuja, utajua wewe."

Orrin aliiacha swichi. Zabibu za nyuma ya kilima alizitengenezea mvinyo wa peke yake, wenye jina la wilaya na bei nafuu, nao ukapata watu wake. Mvinyo wa Harker ukawa kidogo, lakini wa Harker kweli.

Yule mnunuzi wa hoteli alichukua chupa zote. Aliagiza na za Rukavina pia, akamwalika Orrin kuutambulisha mvinyo mpya kwa wageni. Bibi mmoja aliinua glasi, akasoma lebo kwa makini.

"Harker. Hilo jina maana yake mvinyo ni mzuri?"

"Hapana, mama," Orrin alisema. "Maana yake zabibu zake zimepigwa na upepo kila alasiri, na sikukudanganya zimetoka wapi. Kama ni mzuri, kunywa uniambie wewe."

Bibi akanywa. Akasogeza glasi mbele, aongezwe.