Kura ya Diwani Ackroyd

Jumamosi soko la Thornbeck hujaa mpaka watu wanakanyagana, na siku hiyo mvua ilikuwa imewaingiza ndani hata wale wasionunua kitu. Gwen Ackroyd, koti la sufu la kijani na skafu nyekundu shingoni, alisukumwa hadi akaiangukia meza ya Alec Thwaite, muuza jibini. Alec alimdaka kiwiko. Alimjua, nani asiyemjua diwani wa kata ya mlimani, huko ambako maji ya mto hayafiki?

"Pole, mheshimiwa. Ninyi wa juu mkishuka huku mnateleza."

"Na ninyi wa chini mnapanga meza katikati ya njia."

"Basi onja hii, hasira ishuke."

Alionja, akacheka, na wiki iliyofuata akarudi bila hata kujidai kwamba anahitaji jibini.

Kufikia Pasaka alikuwa akila chakula cha Jumapili kwa mama yake Alec, Bi. Edith, katika Mtaa wa Tanner, chini kabisa kando ya mto. Nyama ya kuoka, viazi, mchuzi mzito. Ukutani juu ya kochi, alama ya tope la mafuriko ya mwisho ilikuwa bado inajitokeza chini ya rangi mpya, na Gwen aliiona kila alipoinua uma. Halmashauri ilikuwa inajiandaa kuamua: ama ukuta wa kuzuia mto ujengwe, ama watu wa mtaa wahamishwe na nyumba ziachiwe maji. Madiwani wengine walikuwa wamegawanyika sawasawa. Kura ya Gwen ndiyo ingeupitisha ukuta.

Ndipo penzi likawa la kujificha. Kwetu diwani mwenye maslahi yake, hata ya mpenzi wake tu, katika jambo linalojadiliwa hutakiwa kusimama, kuyataja, kisha kutoka ukumbini, na kura yake ikapotea. Gwen alimweleza Alec hayo yote, akamsihi wavumilie hadi kikao kipite. Alec alikubali kwa mdomo tu. Watu wa chini wamedharauliwa na wa juu miaka mingi, na yeye donda hilo alikuwa nalo.

Siku moja Gwen alipita sokoni na madiwani wenzake. Alec akamwita kwa jina. Gwen akajibu, "Habari za asubuhi, Bwana Thwaite," akapita kana kwamba amesalimia nguzo.

Jioni simu ililia.

"Bwana Thwaite ndiye nani, Gwen?"

"Laazizi, Diwani Halliwell alikuwa ubavuni mwangu. Ulitaka nifanye nini?"

"Unitaje. Mbele za watu, mara moja tu, kwamba mimi ni wako."

"Nikikutaja, nyumba ya mama inakwenda na maji."

"Au unaona haya."

Akakata simu. Huo ulikuwa ujinga wake wa kwanza. Wa pili aliufanya baa, alipowatangazia wanywaji kwamba yule diwani wa kujisikia hula Jumapili mezani kwa mama yake. Asubuhi alimpigia Gwen akakiri yote. Gwen akamwambia kuwa anampenda, mjinga yeye, na waombe Norman Halliwell, mpinzani mkubwa wa ukuta, asiwe amesikia.

Alikuwa amesikia.

Siku ya kikao Mtaa wa Tanner wote ulipanda ngazi za ukumbi wa mji, makoti yakinuka mvua, wakajaa kwenye viti vya wananchi, juu ghorofani. Meya, mkufu wake kifuani, aliuliza kama kuna mwenye maslahi ya kutangaza. Gwen hakusimama. Halliwell akasimama taratibu, akaomba Diwani Ackroyd aulizwe kwa jina.

Gwen aliinua macho. Kule juu Alec alikuwa anatikisa kichwa: nikane, nikane. Uongo wa neno moja, na Bi. Edith angezeekea nyumbani kwake. Lakini Gwen alikwisha kumkana sokoni, na hakuwa na nguvu za kurudia.

"Ninayo," alisema. "Nampenda Alec Thwaite wa Mtaa wa Tanner. Akinitaka bado, nitaolewa naye."

Akatoka. Alichokuwa akikililia Alec alikipata mbele ya mji mzima, na hajawahi kusikia maneno machungu kama yale. Kura zililingana, na ukuta ukaanguka kwa kukosa moja.

Alec alimkuta Gwen kwenye benchi la korido. Alikaa karibu naye, asithubutu kumgusa, maana majirani walikuwa wanapita, na hakuna hata mmoja aliyewatukana.

"Ungesema hunijui."

"Nilisema hivyo mara moja. Ulinikatia simu."

Bi. Edith alitoka wa mwisho, akifunga vifungo vya koti. Alisimama mbele ya Gwen, akamweka sawa kola.

"Nyumba yako ya mlimani, binti, ina chumba kisicho na ngazi? Magoti yangu hayapandi."

Gwen aliitika kwa kichwa. Alec alijifunika uso kwa mikono, akalia. Hivyo ndivyo walivyochumbiana.